Friji Inayouma Si Chumvi ya Bahari

Mafundi wenzangu, nyinyi mliobaki na karakana yangu hapo Malindi, mliniomba nikishaacha kazi niwaandikie mambo ya miaka yangu ili yawafae. Nadhani mlitaka niandike jinsi nilivyokuwa hodari. Hodari nilikuwa, hilo halina mjadala, na sitapoteza wino kulisema mara mbili. Lakini kalamu hii nimeishika nikiwa na hasira, kwa sababu ya kitambaa nilichokiona wiki iliyopita katika mtaa wa Kisumu Ndogo, kimefungwa kwenye kishikio cha friji. Nitakifikia. Kwanza mjue nilikotoka, ndipo mtajua kwa nini kitambaa kinaweza kumtetemesha mzee mzima.

Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Kuna mmoja wenu, hamtaji lakini anajijua, kila tukibishana hunikumbusha kwamba yeye ana cheti. Vizuri. Cheti changu mimi ni masikio mawili na vidole kumi, na vyote kumi bado viko mahali pake. Kwa kazi yetu hiyo ni alama kubwa kuliko ya chuo.

Nilitoka kwetu Ganze nikiwa kijana, nikaja Malindi kutafuta kazi yoyote. Nikaelekezwa kwa Fundi Athmani, mtu wa mji wa kale, mfupi, mkali, aliyekuwa akitengeneza friji katika chumba kilicho nyuma ya nyumba yake. Alinitazama juu mpaka chini, kikombe cha kahawa mkononi.

“Wajua kusoma?”

“Kidogo.”

“Na kuandika?”

“Jina langu.”

“Yatosha. Friji haiandiki barua. Kaa hapo, sikiliza ile.”

Nikakaa mbele ya friji moja kuukuu asubuhi nzima. Sikupewa spana wala bisibisi. Nilidhani ananifanyia mzaha. Ilipokaribia adhuhuri akarudi.

“Yasemaje?”

“Inanguruma, mzee.”

“Simba pia anguruma. Nimekuuliza yasemaje.”

Nikasikiliza tena, sasa kwa hofu. Ndipo nikasikia. Ilikuwa inaanza, inakata, inatulia kidogo, halafu inaanza tena, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo akisimama kila hatua. Nikamwambia hivyo. Hakunisifu. Aliivuta friji mbali na ukuta, akanionyesha mabomba ya nyuma yaliyozibwa na vumbi na manyoya ya paka, akayasafisha kwa brashi. Baada ya muda ile friji ikaanza kunguruma kwa sauti moja, taratibu. Hakufungua hata skrubu moja.

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza na nyinyi mpaka leo hamlijui. Nusu ya friji mnazoletewa si mbovu, zimekosa hewa. Mtu ameibana ukutani, juu yake amepanga masufuria, na nyuma ameanika kanga. Friji inatoa joto kwa nyuma. Usipoiachia nafasi ya upana wa kiganja, joto litaenda wapi? Nyinyi mkiitwa mnakimbilia kujaza gesi kabla hata hamjaangalia nyuma. Wengine mnajaza gesi ya kupikia! Mnaweka bomu jikoni kwa watu, mnasema inagandisha vizuri. Hilo nilishawafokea, sitalirudia, karatasi zangu ni chache.

Somo la pili alinifundisha kwa kunipiga. Nilinyoosha mkono nishike mlango wa friji iliyoletwa na mteja, imechomekwa kwenye soketi. Akanitandika vidole kwa mpini wa bisibisi.

“Wataka kuolewa nayo? Shika kwa mgongo wa mkono!”

Akanieleza. Stima ikipita mkononi, vidole hujikunja. Ukishika kwa kiganja, mkono utafunga na hutaweza kuachia hata ukitaka. Ukigusa kwa mgongo wa mkono, utarushwa nje. Hata hivyo akanikataza kuufanya mkono wangu kuwa kipimo. Kwanza testa, ile bisibisi yenye taa ya kuonyesha stima, halafu mita, mgongo wa mkono ni kwa lile jambo usilolitarajia. Na ukihisi chochote, hata mchomo mdogo kama wa siafu, chomoa kwanza, uliza maswali baadaye.

Ni yeye pia aliyenifundisha ule waya wa kijani na manjano. Waya wa kahawia unaleta moto, wa buluu unarudisha, na wa kijani na manjano umekaa kimya, unangoja siku moja tu. Siku ile waya wa ndani ukichubuka na moto ukaingia kwenye bati la friji, huo wa kijani na manjano ndio unaoupeleka ardhini na kuangusha swichi kubwa stima ikatike, badala ya moto kumpitia mwenye nyumba. Kwetu pwani mchanga ni mkavu na mwingi. Chuma cha ardhi, ambako waya huo huishia, ukikichomeka juu juu ni pambo. Athmani alikuwa anakipiga nyundo mpaka kizame chote, tena kando ya bafu, pale maji ya kuogea yanapomwagikia, ili ardhi iwe na unyevu siku zote. Ni kazi ya kuumiza mgongo. Ndiyo maana wengi wenu hamuipendi.

Nilipojitegemea nilifungua kibanda Gede. Nilipachagua kwa sababu hoteli za Watamu ziko karibu na mimi nilikuwa na tamaa ya hoteli. Wenye hoteli wengi walikuwa Waitaliano, na sisi mafundi wa wakati huo sote tulijua Kiitaliano cha kuombea kazi: frigo, yaani friji, freddo, baridi, na subito. Subito maana yake sasa hivi. Neno hilo ndilo lililoniharibu.

Nyumba ya tatu kutoka kibandani kwangu alikaa Mama Dama, mjane, akiuza mandazi na juisi ya ukwaju. Alikuwa amenunua friji kwa Mzungu aliyekuwa anahama. Jumamosi moja asubuhi akanijia, unga bado mikononi.

“Fundi, ile friji yangu inaning'ata.”

“Inakung'ata vipi?”

“Nikishika mlango, mkono unaniwaka mpaka kwenye kiwiko. Dama ananicheka, anasema friji ina wivu, haitaki nitoe juisi.”

Dama ni binti yake, wakati huo msichana wa shule, mcheshi, mdomo haufungi. Nikaenda. Nikagusa kwa mgongo wa mkono, ikanipiga. Nikafungua plagi. Ina miguu mitatu, lakini ndani mna nyaya mbili tu. Ule wa kijani na manjano fundi aliyenitangulia alikuwa ameukata, kwa sababu bila shaka kila akiuunga swichi inaanguka. Swichi inamwambia kuna umeme unavuja, yeye dawa yake ni kuinyamazisha. Kazi iliyokuwepo ilionekana wazi: kutafuta uvujaji, kupiga chuma cha ardhi, kuvuta waya mpya. Ni kazi ya nusu siku.

Nikiwa nimechuchumaa hapo, akaja mtu wa hoteli kwa pikipiki. Chumba chao cha baridi kimekufa, nyama itaoza, Mzungu anapiga kelele, subito.

Sasa sikilizeni fundi wenu hodari alivyofanya. Nilisimama, nikapangusa mikono, nikamwambia Mama Dama: “Hii ni chumvi ya bahari tu. Hewa ya huku inaingia kwenye bati. Funga kitambaa kikavu kwenye kishikio, na ukifungua vaa malapa. Nitarudi Jumatatu.”

“Haina hatari?”

“Mimi ndiye fundi.”

Chumvi ya bahari! Gede, ambako bahari huioni hata ukipanda juu ya paa. Chumvi inakula bati, hilo kweli, ndiyo maana friji ya pwani inapanguswa kwa kitambaa chenye maji baridi kilichokamuliwa, halafu inakaushwa, hasa chini karibu na miguu. Na inachomolewa kwanza. Lakini chumvi haina stima. Kinachokuuma ni stima, na stima haina kidogo wala nyingi, ina siku yake.

Siku yake ilikuwa Jumapili, kesho yake. Dama alirudi kutoka kanisani, akavua viatu, akapiga deki. Kile kitambaa cha kishikio kilikuwa kimerowa kwa maji ya deki yaliyokirukia. Akataka maji ya kunywa. Akashika kwa kiganja.

Mama yake alikuwa chumba cha pili na hakusikia kelele yoyote. Kumbukeni hilo. Mtu aliyeshikwa na stima hapigi kelele, koo linafunga. Alimwona kwa bahati tu, amesimama wima mbele ya friji, anatetemeka. Alitaka kumkumbatia amvute. Jirani dirishani ndiye aliyepiga kelele, “Usimguse! Zima kubwa! Zima kubwa!” Mama akakimbilia swichi kubwa ya mlangoni, akazima, na mtoto akaanguka. Angemkumbatia tungezika wawili.

Dama aliishi. Kiganja cha kulia kiliungua mpaka ndani, na kilipopona kilipona kikiwa kimejikunja. Vidole havikunyooka tena.

Mimi hayo yote sikuyajua. Jumatatu nilifika kama nilivyoahidi, begani nina waya, mkononi nina chuma, napiga mluzi. Mama Dama alikuwa mlangoni, ametoka hospitali kuchukua nguo. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

“Karibu, fundi,” alisema. “Friji iko palepale. Na kitambaa pia kipo.”

Niliitengeneza siku hiyo. Niliukuta waya chini karibu na kompresa, umechubuka unapogusa bati, kidonda kidogo kama ukucha. Nikaziba, nikabadilisha, nikapiga chuma kando ya bafu mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikaunga waya wa kijani na manjano. Swichi haikuanguka tena. Nusu siku, kama nilivyokadiria.

Fundi Athmani alisikia habari akaja Gede, mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Alikataa kiti.

“Uligusa kwa mgongo wa mkono?”

“Niligusa.”

“Ikakupiga?”

“Ikanipiga.”

“Basi ulijua,” akasema, akageuka akaenda zake. Maisha yake yote yaliyobaki hakunizungumzia tena jambo lile, wala hakuninywesha kahawa yake.

Tangu siku hiyo nikawa na sheria moja. Friji inayouma siiachi imechomekwa. Nikiweza kuitengeneza hapo hapo, naitengeneza. Nisipoweza, nakata plagi, naiweka mfukoni, nakwenda nayo. Nimetukanwa kutoka Mtwapa mpaka Mambrui. Waliniita Charo Mkata Plagi. Kuna bibi arusi alinililia kwa sababu ya keki yake. Kuna baba mmoja alinishika shati, akisema nimeharibu mali ya watu. Nikamwambia shati ni kuukuu, vuta tu, plagi sitoi. Sijutii hata moja.

Mengine niliyoyaona siwezi kuyamaliza. Kuruwitu niliitwa na mama wa samaki aliyekuwa akibandua barafu kwa kisu. Alitoboa bomba na gesi ikatoka ikipiga mluzi, na badala ya kufungua madirisha akawasha kiberiti aone panapovuja! Gesi za friji mpya zinashika moto, jamani. Alipoteza nyusi tu, Mungu ni mwema. Barafu haipigwi kisu. Chomoa, fungua mlango, weka sufuria ya maji ya moto ndani, nenda kapige soga, utaikuta imeanguka yenyewe. Kwingine nilikuta samaki mbichi amewekwa juu, damu inadondokea bakuli la wali chini, halafu nyumba nzima inaharisha na lawama ni kwa friji. Mbichi hukaa chini na kufunikwa. Tui la nazi lililobaki halingoji kesho kutwa. Stima ikipotea, usifungue mlango kila dakika kuona kama baridi bado ipo. Kila ukiangalia unaitoa. Na friji iliyokufa ikitupwa nje, ng'oa mlango kwanza, maana watoto huingia kujificha. Hayo mngeyajua kama mngekuwa mnasikiliza badala ya kutazama simu.

Sasa kitambaa.

Wiki iliyopita mke wangu alinituma Kisumu Ndogo nikanunue pweza kwa Mama Neema, mama wa kutoka bara anayeuza samaki wa kukaanga. Alikuwa na karai mkononi, akaniambia nijisaidie mwenyewe, pweza yumo kwenye friji. Nikainuka.

“Aki mzee, usishike na mkono mtupu! Shika na hicho kitambaa. Na uvae hizo malapa hapo.”

Mbele ya friji palikuwa na malapa mawili ya baba, yamepangwa vizuri kama mlangoni mwa msikiti. Malapa ya friji! Nyumba ile ilikuwa imeizoea hatari mpaka ikaipa viatu vyake.

“Nani alikufungia kitambaa hiki?”

“Si ni fundi wako, Safari. Alisema ni chumvi ya bahari. Sisi watu wa bara tutajuaje mambo ya bahari?” Akacheka. “Na imenisaidia, mzee. Watoto hawaibi soda tena. Neema alijaribu mara moja tu.”

Neema alikuwa kando, mtoto wa miguu mitupu, akatikisa kichwa kwa nguvu kuthibitisha.

Nikagusa kwa mgongo wa mkono. Safari, mimi na wewe tunajua ilifanya nini.

Nikazima, nikachomoa, nikatoa koleo mfukoni (nimestaafu kazi, sijastaafu koleo), nikaikata plagi. Mama Neema alipiga ukunga mpaka majirani wakajaa mlangoni.

“Mzee umerogwa? Samaki wangu je?”

“Samaki wako nawachukua mimi. Watakaa kwenye friji yangu mpaka yako itengenezwe.”

“Na soda?”

“Na soda.”

Kwa hiyo hivi ninavyoandika friji yetu nyumbani imejaa samaki changu, pweza na soda za watu, na mke wangu ananiuliza kila asubuhi mpaka lini. Mwenye jibu ni Safari.

Nilimpigia simu. Nayaandika hapa muyasome wote.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Friji ya Mama Neema.”

“Ah, ile iko sawa mzee. Inagandisha.”

“Nimekuuliza kama inagandisha?”

“Mzee, nikiunga waya wa ardhi swichi inaanguka.”

“Kwa nini inaanguka?”

Akaanza kuniuliza habari za mke wangu.

“Safari, kwa nini inaanguka?”

“Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hataki tuchimbe. Na siku ile nilikuwa na kazi kubwa, kule kwa yule mama wa duka la nyama. Ningerudi. Mzee, wewe pumzika sasa, umestaafu.”

Ningerudi. Nikakata simu, kwa sababu sauti ile niliijua. Ilikuwa yangu, ya Gede, Jumamosi asubuhi. Hata chumvi ya bahari alinisikia mimi nikiitaja karakanani, miaka yote nikiitaja kama mfano wa ujinga wangu. Hadithi aliisahau, uongo akaukumbuka.

Basi Safari, plagi iko hapa juu ya meza, karibu na karatasi hizi. Mwenye nyumba nimeshazungumza naye, utachimba kando ya bafu, na utachimba mwenyewe. Uvujaji utautafuta mwenyewe pia. Sitakwambia uko wapi. Ukimaliza utaita Mama Neema na watoto wote, utagusa mlango mbele yao, na yale malapa utayarudisha kwa baba mwenye nayo.

Lakini kabla hujaja kwangu kuchukua plagi, pitia Gede. Uliza kwa Dama anayeuza viazi karai karibu na stendi, sasa ni mama wa watoto. Mwamkie. Atakunyooshea mkono wa kushoto. Wasiomjua humwambia hana adabu, na yeye huwa hawajibu. Mimi ameniamkia hivyo miaka yote, “Shikamoo baba,” mkono wa kushoto, na mara zote aliyeinamisha macho ni mimi. Wewe usiulize chochote. Upokee mkono ule, ushike vizuri, kwa kiganja.

Halafu uje. Nitakuwa nyumbani.